Tumemkalisha mzee kwa heshima, sasa nimonia haimwachi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Tanga, Ngamiani. Mimi ni kitinda mimba katika familia ya watoto watano, na ndiye niliyebaki karibu na baba yetu. Kaka yetu mkubwa yuko Muscat, na kusema kweli nyumba inakwenda kwa mkono wake: umeme, chakula, dawa za baba, mshahara wa binti wa kazi. Mwenyezi Mungu amzidishie. Ila ndiyo maana pia neno lake halirudishwi.

Baba ana miaka 67. Maisha yake yote alikuwa fundi makenika, na alipostaafu hakutulia, alihamishia nguvu zake kwenye kishamba chetu cha Pongwe. Alikuwa akienda kwa baiskeli na kurudi na mihogo na matembele kwenye keria. Mama alipofariki, miaka mitatu iliyopita, tulikaa kikao. Tukaona mzee ametulea, amechoka, sasa ni zamu yake kupumzika. Shamba tukalikodisha. Baiskeli akapewa mjukuu. Kaka akamnunulia kochi lile la kuegemea ukanyoosha miguu, televisheni kubwa, na king'amuzi chenye mpira wote wa Ulaya. Tukamletea na kiti cha kuswalia, ingawa magoti yake hayakuwa na tatizo lolote. Msikitini akaacha kwenda, akawa anaswali sebuleni. Binti wa kazi aliagizwa kwamba mzee asinyanyue hata kikombe.

Sukari alikuwa nayo tangu zamani, lakini ilikuwa ikitulia kwa vidonge vichache. Sasa imepanda na dawa zimeongezwa. Mwaka jana alipata mchubuko mdogo mguuni, ukaingia wadudu, ukachukua miezi kupona. Mwaka huu mafua yalipita nyumba nzima. Watoto walipiga chafya siku mbili tatu wakarudi shule. Kwa baba yalishuka kifuani, ikawa nimonia, akalazwa na kuwekewa oksijeni. Karudi nyumbani, lakini kutoka kochini hadi msalani anahema. Yule mzee anayepita mtaani kwetu na dele la kahawa, ambaye kwa umri ni kaka wa baba, alipata mafua hayohayo. Tulimsikia anakohoa, lakini vikombe vyake vilikuwa vinalia barabarani kama kawaida.

Hospitali daktari aliniuliza kama mzee anatembea. Nikajibu kwa kujivuna kwamba hapana, tunamhudumia vizuri. Akaniambia: "Basi ndiyo maana kila maradhi yanamkuta hana nguvu ya kujibu." Nilichomwa moyo. Kaka nilipomweleza alicheka, akasema hao ni madaktari wa siku hizi, wanataka mzee wa miaka 67 akimbie marathoni.

Juzi baba alinyanyuka kwenda kuchota maji mtungini. Binti wa kazi alitimua mbio, akampokonya kata mkononi, maji yakamwagika kwenye kanzu ya mzee. Hakumgombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, humu ndani mimi ni mgeni wa nani?"

Shangazi, kweli kukaa kunaweza kumletea mtu nimonia, au ni wadudu tu? Kwa hali yake ya sasa hajachelewa? Na kaka nimwambieje, nisionekane nampinga mtu anayetulisha?

Kitinda mimba, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na kaka yako, maana naona umemtetea kabla sijasema neno. Sina la kumshutumu. Mtu anayetuma fedha kila mwezi ili baba yake asihangaike ni mtoto mwema. Ila pwani yetu nzima imeshika kwamba heshima ya mzee ni kukaa. Mgeni akimkuta mzee ameshika jembe atauliza pembeni, "Kwani huyu hana watoto?" Kwa hiyo tunawakalisha ili sisi tusisemwe. Hilo tulikubali kwanza, halafu tuzungumze tiba.

Kukaa hakuzai mdudu. Nimonia ya baba yako imeletwa na bakteria au virusi, na mara nyingi kwa watu wa umri wake virusi vya mafua hufungua njia, bakteria wakafuata nyuma. Wajukuu nao yaliwapata mafua hayohayo. Kilichotofautiana ni mwili uliowapokea wadudu hao. Umri una sehemu yake, sukari ina sehemu yake kubwa, na kutojishughulisha kuna sehemu yake, tena hii ya tatu ndiyo inayoichochea ile ya pili. Daktari hakukosea, ingawa angeweza kukuambia kwa ulimi laini zaidi.

Jambo hili lilionekana wazi sana wakati wa korona. Kusini mwa California, Marekani, kuna shirika kubwa la afya, Kaiser Permanente, ambalo mgonjwa akifika kliniki huulizwa maswali mawili pamoja na kupimwa presha: unafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki, na dakika ngapi kila mara. Korona ilipoingia mwaka 2020, majibu yalikuwa tayari yamo kwenye mafaili, yameandikwa kabla mtu hajaugua. Watafiti walichukua watu wazima 48,440 waliopata korona kati ya Januari na Oktoba mwaka huo. Wale ambao miaka yote miwili ya nyuma hawakuzidi dakika 10 kwa wiki, uwezekano wao wa kulazwa ulikuwa zaidi ya mara mbili ya wale waliokuwa wakifikisha dakika 150. Wa kufariki ulikuwa karibu mara mbili na nusu. Ukiuweka kando uzee na wale waliowahi kupandikizwa kiungo, hakuna kilichowaweka watu hatarini kuliko kutojishughulisha: si sigara, si unene, si presha, hata sukari yenyewe.

Unaweza kusema watu wakiulizwa kuhusu mazoezi hujisifu. Ni kweli. Ndiyo maana naupenda zaidi utafiti wa Afrika Kusini, wa wanachama 65,361 wa bima ya afya, ambao mwendo wao ulirekodiwa na saa za mkononi na kadi za kuingilia jimu, haukuchukuliwa kwa mdomo. Waliofikisha dakika 150 kwa wiki, wakilinganishwa na walio chini ya dakika 60, hatari yao ya kulazwa kwa korona ilikuwa pungufu kwa asilimia 34, na ya kufa pungufu kwa asilimia 42. Waliokuwa katikati nao walipata nafuu yao. Na nje ya korona, mwaka 2021 wataalamu waliojumlisha tafiti nyingi pamoja, nimonia ikiwamo, waliona kwamba watu wenye kawaida ya kujishughulisha hupata maambukizi ya nje ya hospitali pungufu kwa asilimia 31, na hufa kwa maambukizi pungufu kwa asilimia 37.

Tusizichukue namba hizi kibubusa. Mtu ambaye tayari ana ugonjwa uliojificha hutembea kidogo kwa sababu anaumwa, kwa hiyo kutotembea kwake ni dalili pia, si chanzo tu. Na mwenye bima na saa ya kuhesabu hatua si sawa na mtu wa kipato cha chini. Watafiti hujaribu kuliondoa hilo kwenye hesabu, lakini haliondoki lote. Mimi naziamini kwa sababu tafiti za nchi tofauti zinaelekea upande mmoja, na kwa sababu ndani ya mwili tunaona njia ambazo mambo hayo yanapitia.

Chukua misuli ya baba yako. Mapaja na makalio ndiyo sehemu kubwa inayotumia sukari mwilini. Akitembea, misuli huivuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, ile homoni inayoiingiza sukari kwenye misuli, inapofanya kazi kwa kusuasua. Akikaa, sukari inabaki inazunguka, na katika damu yenye sukari nyingi zile chembe nyeupe zinazowakamata bakteria huwa nzito, huchelewa kufika na huua kwa udhaifu. Hapo ndipo mchubuko mdogo unapogeuka kidonda cha miezi. Mafuta ya tumboni nayo hayalali bure, humwaga kemikali zinazouweka mwili katika hali ya uvimbe wa chinichini usioisha, na kinga inayopigana kila siku na kitu kisichokuwapo huwa imechoka siku adui wa kweli anapoingia. Kutembea kwenyewe huziamsha chembe za kinga: katika dakika chache tu za mwendo wa haraka, nyingi hutoka zilikokuwa zimejibanza na kuingia kwenye mzunguko wa damu, zikapige doria.

Halafu kuna kifua. Mtu aliyejilaza kwenye kochi hupumua juujuu, chini ya mapafu hewa haifiki vizuri, na makohozi yanatuama huko. Kuyatoa kunahitaji kikohozi chenye nguvu, na kikohozi ni kazi ya misuli ya tumbo na mbavu, ambayo nayo ikikaa bila kazi hulegea. Mwuza kahawa wenu alikohoa akatoa. Baba yako alikohoa, yakabaki.

Tena mwili unapopigana na maambukizi makubwa hula misuli ili upate protini ya kutengeneza silaha zake. Aliyeingia na akiba ndogo hutoka mifupa mitupu. Wanasayansi waliwahi kuwalaza kitandani wazee 12 wenye afya nzuri kwa siku 10 tu, na kila mmoja kwa wastani akapoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Siku 10, na hawakuwa wagonjwa. Ninyi mmemkalisha wenu miaka mitatu, mkaongeza na kulazwa.

Basi unaniuliza amechelewa? Hajachelewa. Misuli ya mzee hujibu kazi, polepole kuliko ya kijana, lakini hujibu. Ila asianze kama anayelipa deni. Baada ya nimonia nzito homa hukatika karibu wiki ya kwanza, lakini kuishiwa pumzi na uchovu unaweza kuendelea kwa wiki nyingi, kwa wengine hata miezi mitatu. Kuhema kwake kwenda msalani kwa sasa si ajabu, ilimradi kunapungua wiki hadi wiki. Mrudisheni kwa daktari kwa ukaguzi kabla ya kuanza, aangaliwe kifua, moyo na presha, na muombe kuonana na mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kama hospitali yenu inaye. Hata mara moja tu inatosha kuwaonyesha pa kuanzia.

Mimi ningeanzia kwenye kiti kile cha kuswalia. Si kumnyang'anya, la. Akae juu yake, mikono ameikunja kifuani, anyanyuke asimame wima, akae tena, bila kujishika. Wewe shika saa, hesabu anafanya mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa mwanamume wa miaka 65 hadi 74, chini ya mara 12 maana yake miguu imelegea kuliko inavyotakiwa. Usishangae akifanya tano akahema, na simama karibu yake asije akayumba. Mwanzoni aruhusiwe kujishika, afanye machache asubuhi na machache jioni. Hilo ni zoezi la nguvu, na wazee hulihitaji angalau siku mbili kwa wiki. Likikolea, kurukuu na kusujudu chini kutarudi kwenyewe, nako ukikuhesabu kwa rakaa 17 za faradhi za siku nzima si haba.

Mwendo ufuate. Baada ya chakula cha mchana na cha usiku atembee uani au barazani dakika chache, hata tano, kisha kumi. Wakati huo sukari ndiyo inapanda, na mguu ukitembea unaishusha palepale. Akishapata pumzi, Alasiri aende msikitini kwa miguu, na arudi kwa miguu. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaompandisha mtu pumzi lakini bado anaweza kuzungumza. Lengo hilo lipo mbele huko, msilitundike ukutani leo. Mtu anayetoka kwenye sifuri ndiye anayepata faida kubwa kwa dakika chache za mwanzo.

Kwa kuwa ana sukari, kuna mambo ya kuangalia zaidi. Kandambili ziishie bafuni. Apate viatu vilivyofunika vidole, visivyobana, na kila jioni mtu amkague nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu huenda asihisi mchubuko. Kama anatumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamidi, mwendo unaweza kushusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo asitembee na njaa, na mfukoni asikose pipi au sukari ya kulamba akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi. Mwulizeni daktari kama dozi ibadilishwe. Siku ya homa hakuna mazoezi, kuna kupumzika na maji. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi isiyorudi baada ya kukaa, hapo mnasimamisha na kwenda hospitali.

Chanjo nazo ziulizieni, ya nimonia na ya mafua kwa watu wazima wenye sukari. Si kila kituo kinazo na nyingine ni za kulipia, lakini kaka anayenunua king'amuzi hatashindwa. Na mwendo hauchukui nafasi ya chanjo. Nasema hivi kwa sababu kuna watu mitandaoni wakishasikia habari hizi hugeuka kuhubiri kwamba anayekimbia hahitaji sindano. Tafiti zinaonyesha vingine kabisa: mwili uliozoea kujishughulisha huipokea chanjo vizuri zaidi.

Sasa kaka. Usimpelekee namba za California kwenye WhatsApp, atakujibu kwa video ya tabibu mwingine na mtabishana hadi Ramadhani. Mwachie baba aseme mwenyewe. Maneno aliyokuambia siku ya kata, "mimi ni mgeni wa nani", mwombe amwambie mwanawe kwa simu. Kaka yako amekuwa akinunua raha kwa makisio, hajawahi kuambiwa na mzee kwamba raha hiyo inamkera. Wewe ukisema, unampinga mkubwa wako. Baba akisema, ni amri. Kisha mpe kaka kazi, maana aliye mbali hupenda kuwa na kazi. Kila akipiga, badala ya "baba umepumzika?", amwulize "leo ulifika wapi?" Mzee atatembea ili apate cha kujibu. Na kama anataka kununua kitu, anunue viatu vizuri na kipimo cha sukari cha nyumbani chenye vijiti vya kutosha, vijiti ndivyo vinavyoisha.

Binti wa kazi msimlaumu, alifanya alichoagizwa. Mkalisheni mbele ya mzee, mbadilishe agizo kwa mdomo wenu, aelewe kwamba hatafukuzwa mzee akijichotea maji. Umwambie lipi la kusaidia: sakafu ya uani isiwe na maji ya kuteleza, taa ya njia ya msalani iwake, na asimame karibu mzee anaponyanyuka, ila asimshike mpaka aombwe. Mzee akianguka akavunja nyonga tutarudi kitandani, na huko tumeshaona yanayopatikana.

Shamba la Pongwe, mkataba wa kukodisha ukiisha, ningemwachia kipande kidogo cha karibu na njia, apande mchicha wake. Baiskeli ingoje kwanza, tena ingoje sana. Mtu ambaye miguu bado inatetemeka na nyayo pengine hazihisi vizuri hana biashara kwenye barabara zenye bodaboda.

La mwisho ni kikohozi. Kikizidi wiki mbili, au akianza kutoka jasho usiku na kukonda, mpelekeni apimwe kifua kikuu, hata kama hospitali walishasema ilikuwa nimonia. Wenye sukari hukipata mara 2 hadi 3 zaidi ya wengine, na mara nyingi huja kimejivika sura ya nimonia isiyopona. Vituo vya serikali hupima na kutoa dawa zake bure. Niandikie tena baada ya kliniki yake ijayo, unieleze sukari imesoma ngapi na kiti amenyanyuka mara ngapi.

Shangazi